Nimelinunua gari, muuzaji amefariki, na logibuku bado ina jina lake

BARUA YA MSOMAJI

Shikamoo Wakili,

Mimi ni mkazi wa Likoni na ninafanya biashara ya mboga, ambazo huzichukua alfajiri katika soko la Kongowea na kuzisambaza kwenye maduka na mikahawa ya Pwani Kusini. Mwezi wa Machi 2021 nilinunua gari aina ya Toyota Probox kutoka kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu kwa shilingi 620,000. Shilingi 450,000 nilizilipa benki, zikaingia kwenye akaunti yake, na zilizobaki nikamtumia kwa M-Pesa kidogo kidogo katika wiki zilizofuata. Tuliandikiana mkataba wa ukurasa mmoja, tukatia sahihi sote wawili, na jirani yetu akashuhudia. Alinikabidhi logibuku asilia (cheti cha usajili wa gari), funguo zote mbili, nakala ya kitambulisho chake na nakala ya cheti chake cha pini ya KRA, yaani nambari ya mlipa kodi.

Lililobaki lilikuwa yeye kuanzisha uhamisho wa umiliki kupitia akaunti yake ya NTSA, mamlaka ya serikali inayosajili magari. Aliniambia angefanya hivyo baada ya mfungo wa Ramadhani, kwa sababu nenosiri alikuwa nalo kijana aliyemfungulia akaunti hiyo. Ramadhani ikapita. Kila nilipomkumbusha alinijibu kwa upole kwamba gari ni langu na nisiwe na wasiwasi, nami kwa kuwa nilimheshimu kama mzazi sikupenda kumsumbua. Mwaka 2023 huduma hizo zikahamishiwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, mzee akaanza kuugua, na mwaka jana Mwenyezi Mungu akamchukua.

Baada ya arobaini, mdogo wake marehemu alinijia na kudai kwamba sikuuziwa gari bali nilikodishiwa, na kwamba zile pesa za M-Pesa ndizo zilizokuwa kodi. Nimesikia pia kwamba gari limeandikwa katika orodha ya mali ya marehemu iliyopelekwa mbele ya Kadhi. Mjane wa marehemu alikuwapo nyumbani siku tuliyoandikiana, lakini sasa anasema mambo haya amemwachia shemeji yake. Huyo shemeji ametishia kupiga ripoti polisi kwamba gari limeibwa.

Kuna broka mmoja mjini ambaye ameniambia nimpe shilingi 40,000, airudishe hewani laini ya simu ya marehemu, aingie kwenye akaunti yake na kukamilisha uhamisho kana kwamba mzee yu hai. Mke wangu amenikataza, lakini nimechoka. Je, mahakama inaweza kuamuru nipewe logibuku yenye jina langu ilhali aliyeniuzia hayupo tena duniani? Nimshtaki nani? Na je, niendelee kuliendesha gari hili?

Msomaji wako, Likoni

JIBU LA WAKILI

Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa msiba wa mtu uliyemheshimu. Nakujibu swali la kwanza bila kukuzungusha: ndiyo, mahakama inaweza kuamuru gari lisajiliwe kwa jina lako, na kwa maelezo uliyonipa una hoja nzuri ya kuiomba ifanye hivyo. Kuhusu broka, msikilize mke wako. Nitaeleza sababu zangu mbele kidogo, kwa kuwa njia hiyo ni haramu kisheria na tena ingekupotezea kesi ambayo sasa unaweza kuishinda.

Watu wengi huamini kwamba jina lililo kwenye logibuku ndilo neno la mwisho kuhusu mwenye gari, lakini sheria haisemi hivyo. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinasema kwamba mtu ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake atahesabiwa kuwa ndiye mmiliki, isipokuwa kama itathibitishwa vinginevyo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo mlango wako. Mahakama ya Rufani ya Uganda, katika kesi ya Osapil dhidi ya Kaddy, iliamua kwamba logibuku ni ushahidi wa awali tu wa umiliki, na mahakama za Kenya zimeinukuu kesi hiyo mara nyingi. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilikwenda njia hiyo hiyo katika kesi ya Securicor dhidi ya Kyumba Holdings, iliyotokana na ajali ya barabarani: gari lilikuwa bado limesajiliwa kwa jina la Securicor, lakini kampuni hiyo ilionyesha kwamba ilikuwa imekwisha kuliuza kabla ya ajali, na mahakama ikautazama ukweli wa mauzo badala ya kukwama kwenye jina la sajili. Zaidi ya hayo, chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, umiliki wa kitu mahsusi kama gari huhama wakati ule ambao muuzaji na mnunuzi walikusudia uhame, na mtu anayepokea bei yote kisha akakukabidhi gari, funguo zote na logibuku asilia ameuonyesha ulimwengu kusudio lake.

Hata hivyo, usiusahau upande wa pili wa kifungu hicho cha 8. Kwa kuwa jina lililosajiliwa ni la marehemu, sheria inaanza kwa kuwaamini warithi wake, na mzigo wa kuthibitisha vinginevyo umekaa mabegani mwako wewe. Kesi za madai huamuliwa kwa kupima upande upi una uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli, kwa hiyo huhitaji kuondoa kila chembe ya shaka. Lakini mshindani wako amechagua dai la ujanja, kwa sababu malipo ya M-Pesa uliyoyatuma kidogo kidogo yanaweza kufananishwa na kodi. Ni lazima ulivunje dai hilo kwa karatasi.

Anza na benki. Omba taarifa rasmi ya akaunti yako yenye muhuri, inayoonyesha zile shilingi 450,000 zikiingia kwenye akaunti ya marehemu katika tarehe za mkataba, kwani hakuna mtu anayekodi Probox kwa kulipa fedha nyingi kiasi hicho siku ya kwanza. Kisha chukua taarifa kamili ya M-Pesa ya miezi ile, ujumlishe malipo yote mpaka yafike 620,000, na uonyeshe kwamba baada ya malipo ya mwisho hukumtumia mzee hata shilingi moja. Mpangaji au mtu aliyekodi kitu huendelea kulipa mwezi baada ya mwezi, na malipo yaliyokoma pale tu bei ya mkataba ilipotimia ni ushahidi ambao shemeji wa mjane atapata taabu kuueleza. Ongeza bima ulizokata kwa jina lako tangu 2021, risiti za gereji na za matairi, na jumbe za simu ambamo marehemu alikuambia gari ni lako. Jumbe hizo na taarifa za simu ni ushahidi wa kielektroniki, na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka nakala iliyochapwa iambatane na cheti kinachoeleza jinsi ilivyotolewa na kwa kifaa gani. Nimeona ushahidi mzuri ukikataliwa kwa kukosa karatasi hiyo moja, kwa hiyo mwambie wakili wako aiandae mapema. Jirani aliyeshuhudia mkataba naye aandike maelezo yake sasa, kumbukumbu zake zikiwa bado hai.

Sasa nije kwenye swali la nani ashtakiwe, ambalo ndilo gumu kuliko yote katika barua yako. Kesi iliyofunguliwa dhidi ya mtu aliyekwisha kufariki ni batili tangu mwanzo, na huwezi kuifufua kwa kubadilisha jina baadaye. Huwezi pia kumshtaki mjane kwa sababu tu ni mjane, wala mdogo wake marehemu kwa sababu tu ndiye anayepiga kelele. Kwa mujibu wa Sheria ya Urithi, Sura ya 160, anayeweza kuhamisha mali ya marehemu, kushtaki kwa niaba yake na kushtakiwa kwa niaba yake ni mtu aliyepewa na mahakama hati ya usimamizi wa mirathi. Sehemu ya Saba ya sheria hiyo, inayohusu usimamizi, inatumika pia kwa mirathi za Waislamu pale ambapo haipingani na sheria ya Kiislamu, kwa hiyo kanuni hii inakuhusu.

Jambo la kufanya wiki hii hii ni kumtuma wakili kwenye masijala ya mahakama ya Kadhi akalitazame faili. Kama hati imekwisha kutolewa, mwenye hati ndiye mdaiwa wako. Kama mirathi imefunguliwa lakini mgawanyo haujafanyika, wakili wako apeleke ombi la maandishi lenye hati ya kiapo, akieleza kwamba umiliki wa gari una mgogoro na kuomba lisigawanywe mpaka mgogoro huo uamuliwe. Usitarajie Kadhi akuamulie kama uliuziwa au ulikodishiwa. Ibara ya 170 ya Katiba inaipa mahakama yake mamlaka juu ya hali ya mtu kisheria, ndoa, talaka na urithi, kati ya Waislamu ambao wote wamekubali mamlaka hayo, na mkataba wa mauziano kati ya marehemu na mteja wake haumo katika orodha hiyo. Mgogoro wako mahali pake ni mahakama ya hakimu. Lakini ukipata nafasi ya kuzungumza mbele ya familia, wakumbushe kwa adabu kwamba katika sheria ya Kiislamu madeni ya maiti na haki za watu hutangulia mgawanyo wa urithi, na kwamba ahadi ya kukamilisha uhamisho wa gari lililokwisha kulipiwa ni haki ya mtu iliyobaki shingoni mwa mzee wao. Naamini mjane atalielewa jambo hilo kuliko barua yoyote ya wakili.

Ikiwa hakuna hati iliyoombwa popote, hujakwama. Unaweza kuomba mahakama itoe wito rasmi kwa warithi waje wakubali au wakatae kuchukua usimamizi. Wakinyamaza au wakikataa, kifungu cha 66 cha Sheria ya Urithi kinaweka mpangilio wa wanaostahili kupewa hati: mwenzi wa marehemu kwanza, kisha warithi wengine, kisha Mdhamini wa Umma, na mwisho wanaomdai marehemu. Upo pia usimamizi wenye mipaka, ambao mtu hupewa kwa ajili ya kumwakilisha marehemu katika kesi moja tu, na katika mgogoro wa gari moja mimi huupendelea kwa sababu hauigusi mirathi nyingine ya familia.

Kabla ya yote hayo nakushauri ufanye jaribio moja la dhati la mapatano. Mjane alikuwapo nyumbani siku ile. Nenda na mtu anayeheshimiwa na familia hiyo, awe mzee wa mtaa au imamu wa msikiti wao, ukiwa na mkataba na taarifa ya benki mkononi, na umsikilize kabla ya kumweleza lolote, kwani inawezekana kabisa kwamba hajui mumewe alilipwa kiasi gani. Ikipatikana suluhu, isibaki kuwa maneno ya barazani: iandikwe, itiwe sahihi na msimamizi wa mirathi, na ipelekwe mahakamani ipitishwe kuwa amri. Mashauri mengi ya aina hii huishia hapo, hata baada ya kesi kufunguliwa, kwa sababu Idara ya Mahakama ina utaratibu wake wa upatanisho na makubaliano yake hupewa nguvu ya amri.

Yakishindikana, wengine watakuelekeza kwenye Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, yakiwemo ya mikataba ya bidhaa na ya kurudishiwa mali inayohamishika, na ambayo sheria inaitaka imalize shauri ndani ya siku 60. Ni mahakama nzuri na ninaipenda, hasa kwa mtu asiye na wakili anayedai fedha zake. Kwa shauri lako nisingeichagua. Wewe hudai fedha, na gari unalo tayari. Unachokihitaji ni tamko la umiliki na amri zinazoifunga mirathi pamoja na ofisi ya serikali inayotunza sajili, na kwa hayo mahakama ya hakimu mjini Mombasa inafaa zaidi, kwani hata hakimu wa ngazi ya chini husikiliza madai ya hadi shilingi milioni 5.

Katika hati ya madai, msajili wa magari, yaani NTSA, aunganishwe kama mhusika ili amri imfunge bila ubishi. Omba mahakama itamke kwamba wewe ndiye mmiliki halali tangu tarehe uliyomaliza kulipa, na imwamuru msimamizi wa mirathi akamilishe uhamisho ndani ya muda utakaotajwa. Usiishie hapo, kwa maana mtu anaweza kushindwa kesi na bado akakataa kutia sahihi. Kifungu cha 98 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai kinairuhusu mahakama kumteua mtu mwingine, kwa kawaida ofisa wake, atie sahihi badala ya anayegoma, kwa hiyo ombi hilo liwemo tangu mwanzo. Mwisho omba NTSA iamriwe kulisajili gari kwa jina lako na kukutolea logibuku mpya, pamoja na zuio la muda ili mtu yeyote asiliuze wala kulichukua wakati kesi ikiendelea.

Kabla ya kufungua kesi, chukua kutoka NTSA taarifa ya sajili ya gari hilo na uilinganishe na logibuku, herufi kwa herufi: nambari ya usajili, nambari ya chesi, nambari ya injini. Taarifa hiyo itakuonyesha pia kama kuna benki au mkopeshaji aliyeandikwa pamoja na marehemu, jambo ambalo lingemlazimu naye kuunganishwa katika kesi. Chesi za Probox nyingi za rika hilo huanza na NCP na kufuatiwa na tarakimu, na ni rahisi mchapaji kuweka herufi O mahali pa sifuri. Amri yenye kosa kama hilo itarudishwa dirishani, nawe utalazimika kwenda tena mahakamani kuomba marekebisho ilhali ulishinda.

Kuhusu broka, anachokupendekezea ni kujifanya mtu mwingine kwa kutumia nenosiri lake, kosa ambalo chini ya kifungu cha 29 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 lina adhabu ya faini ya hadi shilingi 200,000, kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi nacho kinakataza kuingilia mali iliyosajiliwa kwa jina la marehemu bila idhini ya mahakama. Tarehe ya uhamisho itabaki kwenye mfumo milele, na cheti cha kifo kitaonyesha kwamba aliyeuidhinisha alikuwa kaburini. Leo wewe ni mnunuzi mwaminifu aliyecheleweshwa, na siku utakapomlipa mtu huyo utampa shemeji wa mjane tuhuma ya kweli badala ya ile ya kubuni aliyo nayo sasa.

Inanisikitisha kwamba utaratibu wetu unamwachia muuzaji peke yake, kupitia simu yake, uwezo wa kuanzisha uhamisho, kwa sababu wazee wengi akaunti zao hufunguliwa na vijana wa cyber na wao wenyewe hawazijui. Anayesoma jibu hili akiwa anataka kununua gari asiachie senti ya mwisho mpaka muuzaji awe ameanzisha uhamisho mbele ya macho yake.

Usichelewe zaidi. Madai yatokanayo na mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6 tangu haki ya kudai ilipozaliwa, kwa mujibu wa Sheria ya Muda wa Kufungua Mashtaka, Sura ya 22. Wakili wako anaweza kujenga hoja kwamba haki yako ilizaliwa baadaye, pale familia ilipokana mauzo, lakini nisingependa uitegemee. Ihesabu tangu Machi 2021 na ufungue kesi kabla ya muda huo kutimia. Kama gharama ya wakili inakuzidi, ulizia Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria, au shirika la Kituo cha Sheria, ambalo limekuwa likiwasaidia wasiojiweza tangu 1973.

Kuhusu kuliendesha gari, sheria haikupi nafuu. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Trafiki hakiruhusu gari lililouzwa kutumika barabarani zaidi ya siku 14 kabla mmiliki mpya hajasajiliwa, na kosa hilo umekuwa ukiliishi kwa miaka. Najua mboga za wateja haziwezi kusubiri hukumu. Ushauri wangu ni ulilaze gari mahali salama na ukodi jingine kwa wakati huu, walau hadi zuio la muda litolewe, kwa sababu ajali moja itamkaribisha mdai mpya dhidi ya mirathi na dhidi yako, na kampuni ya bima inaweza kuuliza maswali ambayo leo huna karatasi ya kuyajibu. Usilifiche wala usibadilishe chochote juu yake. Shemeji akipiga ripoti na ukaitwa kituoni, nenda siku hiyo hiyo pamoja na wakili, ubebe nakala za mkataba, za malipo na za hati ya madai ikiwa imekwisha kufunguliwa, ueleze kwamba huu ni mgogoro wa umiliki ulio mbele ya mahakama, na logibuku asilia iache ofisini kwa wakili wako.